Ushauri Aliopewa Koplo Ngwali

Nchi ya Shwari ipo. Atakayeitafuta kwenye ramani akaikosa asimlaumu mchora ramani, maana mchora ramani naye ana watoto wa kulea. Ni nchi njema, yenye mito, mihogo na sheria, na kila jambo huko hufanywa kwa utaratibu.

Katika kambi yake ya mpakani, Kizuizi Namba Saba, askari sitini na wawili walikuwa wakimngoja adui kwa mwaka wa kumi na moja. Adui alikuwa hajafika, lakini kila Ijumaa redio ilisema yuko njiani, na kwa sababu hiyo likizo zote zilikuwa zimesimamishwa.

Mmoja wa askari hao alikuwa Koplo Ngwali, mtunza ghala la viatu. Alikuwa mtu mpole, asiyetoa neno kabla hajaligeuza pande zote, kama anavyokigeuza kiatu kukagua soli. Alikuwa amemwoa Mwanakombo, wa kijiji cha Mitondooni, na wakakaa pamoja miezi minane kabla hajapangiwa mpakani. Tangu afike kambini alikuwa amemwandikia mkewe barua sita. Jibu halikuja hata moja, na sasa ulikuwa mwezi wa kumi.

Mtu mwingine angefoka, au angekwenda kulalamika kwa wenzake. Koplo Ngwali alichukua karatasi, akaipiga mistari kwa rula, akaliandikia gazeti la Serikali, kwenye ukurasa wa “Kibarazani kwa Somo”, ambako mama mmoja mwenye busara aliwajibu wenye matatizo ya ndoa. Aliandika hivi:

“Kwa Somo. Mimi niko mbali kwa kazi. Mke wangu ni mwema. Huu ni mwezi wa kumi sijapata barua yake. Simtuhumu kwa lolote. Nauliza tu, nifanye nini anikumbuke? Ni mimi, Mwenye Kiu wa Mpakani.”

Alitazamia jibu dogo. Labda Somo angemwambia ampelekee mkewe kanga, au aandike kwa wino wa rangi nyingine. Baada ya wiki tatu gazeti likaja na jibu:

“Mwenye Kiu, pole mwanangu. Mwanamke asiyeandika miezi kumi amekwisha kuandika, na alichoandika ni kwamba hakutaki. Mwache. Oa mwenye kalamu.”

Kwingineko mtu angesoma maneno hayo, akasonya, akafungia maandazi. Shwari kulikuwa na Sheria ya Utekelezaji wa Ushauri. Miaka minne nyuma Mlezi Mkuu wa Nchi, akinywa uji, alisoma ushauri mzuri ambao Somo alimpa mlevi mmoja. Kesho yake akiwa safarini alimwona mlevi yuleyule, au aliyefanana naye, amelala mtaroni. Jambo hilo lilimuuma sana. “Taifa linatoa ushauri bure,” alisema, “na wananchi wanautupa!” Bunge lilikutana dakika kumi na tisa na sheria ikapita kwa kauli moja. Mbunge mmoja aliyekuwa msalani alihesabiwa kuwa ameunga mkono kwa mbali. Tangu siku hiyo, kila ushauri uliochapishwa ulitakiwa kutekelezwa ndani ya siku ishirini na moja, na mkubwa wa mahali alipo muulizaji ndiye aliyepaswa kuthibitisha.

*

Mkubwa wa Kizuizi Namba Saba alikuwa Meja Pazi, mtu mnene mwenye sauti ya kunguruma, ambaye hakupata kumdhuru mtu bila maandishi. Asubuhi ile aliingia kwenye gwaride na gazeti kwapani.

“Miongoni mwenu,” alisema, “yumo Mwenye Kiu; bahasha yake ilitoka kambi hii. Ajitokeze, amwache mkewe, tukapate chai.”

Hakuna aliyetikisika. Kisha Praiveti Makungu, mbeba mfuko wa barua za kambi, ambaye mdomo wake ulikuwa umemnyima cheo mara tatu, akasema, “Afande, hapa sote tuna kiu. Tenki limetoboka tangu Jumanne.”

Watu wakacheka. Meja akawangoja wamalize.

“Makungu, kiu yako ni ya maji. Kiu hii imechapishwa.” Akawaangalia mmoja mmoja. “Siku ishirini na moja, jamani. Msinifanye nionekane kwa Mlezi Mkuu mtu asiyejua hata wenye kiu wake.”

Ubao ukatundikwa mbele ya ofisi, na kwa chaki ikaandikwa 21. Koplo Ngwali alisimama mstari wa pili. Midomo yake alikuwa ameibana barabara.

*

Ubao uliposoma 18, Makungu aliingia ghalani kubadili viatu. Alikaa juu ya sanduku akavuta pumzi.

“Ndugu yangu, wewe ndiye, sivyo?”

“Ndiye nani?”

“Acha hizo. Nani mwingine humu anayeandika ‘simtuhumu kwa lolote’? Mimi ningetuhumu mpaka jirani zake.”

Ngwali alikuwa akikaza gidamu ya kiatu ambacho kilikuwa kimekwisha kukazwa.

“Sikia nikwambie,” Makungu akasema, akishusha sauti. “Mkeo anaandika. Nimeziona barua zake kwa macho yangu haya.”

Kiatu kikaanguka.

“Ziko mjini, kwenye Idara ya Uhakiki wa Salamu. Nne. Zimefungwa kamba, na zako sita ziko chini yake.”

Hapo ndipo Koplo Ngwali alipoelewa jinsi barua zinavyosafiri katika nchi yake. Serikali ya Shwari haikusoma barua za watu, kwani hiyo ingekuwa dharau. Ilihakiki salamu tu. Kila aliyesalimiwa, na kila aliyetuma salamu, alitafutwa alipo, akahojiwa na kujaza fomu, ili ijulikane kwamba hakuna adui anayesalimiana na jeshi. Sasa, watu wa Mitondooni hawajui kuandika barua bila salamu. Barua ya kwanza ya Mwanakombo ilikuwa na habari mistari minne, na salamu za watu hamsini na watatu. Hamsini na wawili walikuwa wamehojiwa. Wa hamsini na tatu, Bibi Mize, alifariki wiki moja kabla ya kufikiwa, na marehemu hawezi kutia saini. Barua ikakwama, na nyingine zote zikakaa nyuma yake kwenye foleni, kwa kuwa Shwari hairuhusu kuruka foleni.

“Ile ya gazeti je? Mbona ilipita?”

“Gazeti lina mfuko wake. Isitoshe, wewe ulimsalimia Somo?”

Ngwali akafikiri. “Hapana. Nilisahau.”

“Ndiyo maana ikafika, bwana wee. Ungemsalimia, ungekuwa salama mpaka leo.”

Usiku ule alilala akiwa na furaha na hofu kwa pamoja, na asubuhi akapiga mistari karatasi nyingine. Alimwandikia Somo kwamba amepata habari mpya: mkewe anaandika, ila barua zimechelewa, na kwa hiyo anaomba kwa heshima ushauri ule uondolewe.

Hakujua, na angejuaje, kwamba Somo walikuwa kamati ya watu watano, na mwenyekiti wao alikuwa brigedia mstaafu ambaye hakupata kuoa. Jibu lilitoka ubao uliposoma 6:

“Somo hupokea maswali, hapokei habari. Ushauri uko palepale. Aidha, muulizaji amedai kwamba barua zinachelewa. Barua katika Shwari hazichelewi. Kambi yake imtafute kwa bidii zaidi.”

*

Meja Pazi hakula chakula cha mchana siku ile. Jioni aliwapanga tena askari wake.

“Nimefanya hesabu,” alisema. “Katika kambi hii waliooa ni kumi na tisa. Mwenye Kiu ni mmoja wao. Siku zikiisha hajajitokeza, wote kumi na tisa mtawaacha wake zenu. Katika kumi na tisa lazima yumo. Kwa hiyo ushauri utakuwa umetekelezwa, na ziada juu.”

Safari hii hapakuwa na kicheko. Sajini mmoja wa makamo, aliyeoa miaka ishirini na sita, alivua kofia akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo.

Makungu alikuja ghalani akiwa hana utani hata chembe.

“Mimi sikusemi,” alisema. “Nina watoto watatu kwa yule mwanamke, lakini sikusemi. Nimekuja kukwambia hivyo tu.”

“Najua, Makungu.”

“Basi fikiria upesi. Wewe unafikiri polepole mno.”

Ngwali alifikiri kwa namna yake. Alikiomba kitabu cha Sheria ya Utekelezaji wa Ushauri, akakisoma chote, akarudia. Ubao uliposoma 1, alibisha mlango wa ofisi ya Meja na kupiga saluti.

“Afande, Mwenye Kiu ni mimi.”

Meja Pazi aliacha kalamu. “Wewe? Mtu wa viatu?” Alionekana kuvunjika moyo, kama aliyetegemea mhalifu mkubwa zaidi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Unampenda?”

“Ndiyo, afande.”

“Afadhali. Asiyempenda mkewe huandika talaka kwa haraka, halafu makao makuu wananirudishia.” Akamsogezea karatasi. “Kifungu cha tisa: utekelezaji umekamilika pale waraka wa talaka unapogongwa muhuri wa kutoka kambini. Una mpaka saa kumi na mbili jioni.”

“Afande, naruhusiwa kuwasalimia wakwe zangu?”

“Astaghfirullah! Kwani sisi washenzi? Mtu ataachaje mke bila kusalimia wazee wake?”

Koplo Ngwali akaketi, akapiga mistari. Alianza na Mwanakombo mwenyewe, akawafuata mama mkwe na baba mkwe, akaja kwa mashemeji wote saba na watoto wao kwa majina. Alimsalimia mwalimu wa chuo na muuza mafuta ya taa, mkunga na waliozalishwa naye, watani zake wa ng’ambo ya mto na yule mzee anayesikia kwa sikio moja. Alipoishiwa na majirani aliwakumbuka waliohama. Kufikia saa kumi na moja alikuwa amesalimia watu mia tatu themanini na sita, wote wazima, na wote wenye anwani. Mwishoni aliandika sentensi moja, aliyoipima zaidi ya yote: “Siku waraka huu utakapofika mkononi mwako, ndipo utakapokuwa umeachika, na si kabla.”

Meja alisoma kurasa tatu za mwanzo. Kwenye ya nne alitoa kitambaa akajifuta macho, na kwenye ya sita akasinzia. Alipozinduka aligonga muhuri kwa nguvu, akaandika katika jalada: “Mwanakombo, mke wa koplo, ameachwa kwa mujibu wa utaratibu.” Ubao ukafutwa, na wake kumi na wanane wakabaki na waume zao bila kujua lolote.

“Watu hamsini na watatu wamewashinda miezi kumi,” Makungu alinong’ona. “Mia tatu themanini na sita! Mtazeeka wote wawili ungali mumewe.”

Ngwali alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike mpakani.

*

Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa kuidhania Serikali kwamba ni dhaifu siku zote.

Taarifa ya Meja, pamoja na waraka wenyewe, ilifika makao makuu ikiwa na uzito wa kilo moja na robo. Mkurugenzi wa Uhakiki wa Salamu aliipeleka kwenye Baraza la Mawaziri, akasema haijapata kutokea katika historia ya taifa barua yenye salamu nyingi kama hii, na kwamba adui anatazama aone kama Shwari itaweza. Mlezi Mkuu alihutubia. “Tutawahoji wote!” alisema. “Tutawahoji walipolala, tutawahoji wakiwa shambani, na atakayetaka kufa asubiri!” Ikaitwa Operesheni Salamu, na kwa amri maalumu waraka ukapewa foleni yake peke yake. Idara ikapewa magari kumi na manne na kutiwa hamasa kwa bendi. Wahakiki mia wakapiga mahema Mitondooni, na katika miezi mitano waliifanya kazi ambayo kwa desturi yao ingechukua miaka sita.

Asubuhi moja gari la Idara lilisimama kambini. Akashuka mhakiki mmoja, Bwana Liundi, mtu mwembamba mwenye vumbi hadi kwenye kope, na nyuma yake likateremshwa sanduku la bati. Koplo Ngwali akaitwa ofisini. Makungu alisimama mlangoni na bunduki, kwani zamu ilikuwa yake.

“Hongera, Koplo,” alisema Bwana Liundi. “Salamu zako zimehakikiwa. Mia tatu themanini na tano ziko safi. Yule mzee wa sikio moja alitusumbua, lakini tulimzunguka upande wa pili. Imebaki fomu moja. Ukiithibitisha sasa hivi, kesho asubuhi waraka wako unakabidhiwa kwa mwenyewe.”

Ngwali alishika ukingo wa meza.

“Fomu hiyo ni ya nani?”

“Ya msalimiwa wa kwanza. Mkeo. Samahani, aliyekuwa mkeo. Majibu yake hayalingani na jalada la kambi, ndiyo maana nimeileta kwa mkono.”

Akaiweka mezani. Koplo Ngwali aliona mwandiko wa Mwanakombo, ule wa herufi kubwa zinazoegemea kushoto, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na miezi minne. Swali la nne liliuliza: una uhusiano gani na mtuma salamu? Alikuwa amejibu: “Mume wangu.” Swali la tano liliuliza: uhusiano huo ungalipo? Alikuwa amejibu: “Upo. Kwani yeye amesemaje?”

Chini yake palikuwa na nafasi ya mtuma salamu: KWELI au SI KWELI.

“Anajua yaliyomo katika waraka?” Ngwali aliuliza.

“Hapana. Sisi hatufungui barua za watu,” alisema Bwana Liundi, kidogo kwa kuudhika.

Meja Pazi alikuwa amesoma fomu juu ya bega la koplo wake, na uso wake ulikuwa umebadilika.

“Bwana Mhakiki, akiandika si kweli?”

“Basi mama huyo ameidanganya Serikali katika fomu. Miaka miwili, na waraka anakabidhiwa akiwa gerezani.”

“Na akiandika kweli?”

“Hapo mdanganyifu ni koplo, maana jalada linasema amekwisha kumwacha. Atashtakiwa kwa kukaidi ushauri. Miaka minne. Na waraka wake utakuwa kielelezo cha kesi, na kielelezo hakikabidhiwi mtu. Hubaki mahakamani.”

“Hata kesi ikiisha?”

“Hasa kesi ikiisha.”

Nje mtu alikuwa akipiga nyundo kwenye tenki la maji. Meja aliinama.

“Ngwali. Nisikilize, mwanangu. Ukiandika kweli, mimi itanibidi nikufunge. Mimi mwenyewe. Unanielewa?”

“Nakuelewa, afande.”

“Fikiri kwanza. Wewe si mtu wa kufikiri?”

“Bwana Liundi,” Ngwali alisema, bila kuinua macho, “fomu hii ikishajazwa inakwenda wapi?”

“Nakala ya kijani inabaki kwetu. Ya waridi inarudi kwa mhojiwa, aone ulichothibitisha.”

“Inahakikiwa njiani?”

“Fomu? Fomu ni ya Serikali. Serikali itajihakiki kwa nini?”

Koplo Ngwali akaomba rula. Alipiga mstari chini ya KWELI, mstari mnyoofu, akaweka saini na tarehe. Palikuwa na mistari mitatu ya maelezo ya ziada, naye akaijaza taratibu, kwa herufi ndogondogo, mpaka ukingoni mwa karatasi. Meja alijitupa kitini akafumba macho.

“Makungu,” alisema. “Mvue mkanda.”

Makungu akaja. Vidole vyake vilihangaika na bizimu ya mkanda. “Tulia, ndugu yangu,” alisema, ingawa Ngwali alikuwa ametulia tuli.

“Bwana Liundi,” Ngwali alisema, mikono ikiwa juu, “mistari mitatu haitoshi. Huna fomu nyingine?”

“Mpya sina. Nina hizi mia tatu themanini na tano, zimekwisha kujazwa.”

“Nyuma je?”

Mhakiki alifungua sanduku, akatoa fomu moja ya waridi, akaigeuza. Akaigeuza ya pili. Alikuwa mtu wa kanuni, akazipitia kanuni zote kichwani, na hakuna hata moja iliyotaja upande wa nyuma.

“Mtupu,” alisema.

“Nazo zinarudi Mitondooni, kwa ndugu na majirani zake?”

“Zote. Kesho.”

Wakamtazama Meja Pazi. Meja alitazama saa ya ukutani, akatazama funguo za mahabusu zilizokuwa mezani, akazisukuma kando kwa kiganja.

“Sheria inasema nimfunge leo,” alisema. “Leo haijaisha. Makungu, mletee kiti.”

Koplo Ngwali aliketi, suruali akiishika kwa mkono wa kushoto. Akaivuta fomu ya kwanza, akaigeuza.

“Mwanakombo,” akaandika. “Umeuliza nimesemaje. Nimesema kweli.”